Ng'ombe Aliyezama na Gogo Lililotoka

Habari ya kifo chake ilinifikia mara tatu, na kila mara alikuwa amekufa kifo tofauti. Asubuhi nilipigiwa simu na muuza mbao mmoja wa Nyakato, akaninong'oneza kwamba mtani wangu wa Misungwi amekanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe. Kabla chai yangu haijapoa, ujumbe uliokuwa ukizunguka katika kundi la wastaafu ukasema amezama kinamasini, mahali pale pale alipozama ng'ombe wake mweusi miaka iliyopita, kwa kuwa "mwenye bonde amekuja kuchukua chake". Adhuhuri mtu wa tatu, ambaye hata hakuwahi kuonana na marehemu, alinieleza kwa uhakika mkubwa kwamba ameanguka njiani akiwa mzima wa afya, bila kuugua wala kuaga. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba siipokei habari kabla ya kuiuliza imetoka wapi. Nilimpigia simu binti yake. Naye, kwa sauti iliyokwisha kulia na kukauka, alinieleza kwamba baba yake aliishi na shinikizo la damu kwa muda mrefu, akizimeza dawa siku anazojisikia vibaya na kuziacha siku anazojisikia vizuri. Kwamba alilazwa, na kwamba alifariki kitandani, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti huyo. Hapakuwa na ng'ombe. Hapakuwa na kinamasi.

"Utakuja kumzika, mzee?" akaniuliza.

"Nitakuja."

"Basi njoo na maneno. Tangu baba alazwe, hakuna aliyekuja kuchukua ng'ombe wetu kulima. Wanasema mwenye kafara akiondoka, ng'ombe wake wanamtafuta mwingine wa kumchukua. Kaka zangu wanataka wote wapelekwe mnadani wakiondoka tu wageni wa msiba. Mimi nimekulia nyuma ya ng'ombe hawa, mzee, sina kazi nyingine ninayoijua. Na wewe ulikuwepo siku ile."

Nilikuwepo. Ndiyo maana naandika.

Marehemu alikuwa mvutaji wa magogo kwa maksai, Msukuma wa kuzaliwa na kufa, mwenye kifua kipana na mdomo mpana zaidi. Mimi ni Mgogo niliyeletwa Mwanza na kazi ya ualimu nikasahau kurudi. Kwa kijana aliyezaliwa mjini, ambaye utani ameuona tu katika vichekesho vya simu, nieleze kwamba baina ya watu wake na watu wangu kuna utani wa tangu enzi za misafara ya miguu, na utani huo si mzaha wa kupitisha muda. Ni ruhusa. Mtani anaweza kukuambia mbele za watu lile ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu kukuambia chumbani, na huna haki ya kukasirika. Mimi kwa tabia si mtu wa mizaha. Wanafunzi niliowafundisha watashuhudia. Lakini kwa mtu yule nililazimika kujifunza, kwa sababu hakuacha nafasi ya namna nyingine.

Nilimfahamu kwa sababu ya tope. Nilikuwa nimesikia kwamba katika bonde moja upande wa ziwani, ukiiacha barabara kuu pale Usagara, kuna magogo yanayotolewa mahali ambapo trekta limemezwa. Aliyenisimulia hakuwa amefika; alisimuliwa na mtu aliyeona picha. Mimi nimezaliwa nchi ambayo mto ni mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka, na tope ni neema ya siku chache. Nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi ardhi inavyoweza kumeza chuma. Nilipofika juu ya mteremko, upande nilioshukia sikuona ajabu yoyote: uwanda wa kijani, yangeyange weupe wakitembea, mafunjo yakiyumba kwa mbali. Nilishuka, nikaweka mguu mmoja. Nyasi zilinishika, lakini zilinishika kama mkeka uliotandikwa juu ya uji. Nilipohamishia uzito kwenye mguu ule, mafunjo yaliyokuwa hatua kadhaa mbele yangu yakainama, kana kwamba nimewavuta shuka waliolala. Nikarudi nyuma nikiwa na maswali mengi kuliko niliyokuja nayo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kijiji kilikaa pande mbili za mto unaoingia ziwani. Zahanati iko ng'ambo moja, wakazi wengi wako ng'ambo ya pili. Kila masika mto ulipofura, waliokuwa upande usio na zahanati walibaki na wagonjwa wao, na baadhi yao walibaki na maiti. Wakaazimia kujenga daraja la magogo. Miti ilikuwepo: kijiji kilikuwa na shamba la mikaratusi lililopandwa kandokando ya kinamasi, iliyonyooka na kunenepa kwa maji yasiyokauka. Ilibaki kuikata, kuitoa, na kuilaza juu ya mto kabla ya mvua kubwa.

Kosa walilolifanya sidhani lingeweza kufanyika mahali pengine. Watu wa huko hulima kwa makundi, kwa ngoma na nyimbo, na kundi moja haliwezi kuliona jingine likifanya kazi bila kutaka kulishinda. Makundi mawili yaligawana shamba lile nusu kwa nusu. Walikubaliana kwamba litakaloshinda ni lile litakalomaliza kuangusha kwanza, na kwa kuwa lililohesabiwa ni mti kulala chini, kila kundi liligundua upesi kwamba mti ukiangushiwa upande wa nchi kavu hunasa kwenye matawi ya mwenzake, bali ukiangushiwa kinamasini haunaswi na kitu. Tena ukianguka topeni hutoa mshindo ambao wanawake waliokuja na maji ya kunywa waliushangilia kwa vigelegele. Jioni shamba zima lilikuwa limelala ndani ya kinamasi, vichwa mafunjoni, mti juu ya mti, na matawi na majani yake yote, kwani matawi hayakuwa katika mashindano. Walipomaliza kucheza, ndipo mtu mmoja akauliza miti ile itatokaje. Kiongozi wa kundi lililoshinda alikuwa marehemu ninayemwandika.

Mwenyekiti wa kijiji alikodi trekta kutoka Kisesa. Nilimkuta dereva wake ameketi juu ya bawa la gurudumu la nyuma, sehemu pekee iliyokuwa bado inafaa kukaliwa, akila muhogo mbichi.

"Nani alikuambia uingie humu?" nikamuuliza.

"Wote, mzee. Kila niliyemuuliza alisema pagumu."

"Kuna aliyekuwa amewahi kupita hapa?"

Akatafuna, akafikiri. "Mbuzi."

Kicheko kikapasuka nyuma yangu. Nikageuka, nikamwona mtu mfupi mpana, suruali imekunjwa hadi magotini, tope limemkauka miguuni kama soksi. "Na wewe ni mtu wa wapi," akaniuliza, "unayeliangalia tope kama umepakuliwa pilau?"

"Natoka Dodoma."

"Mgogo! Loo, mtani! Ndiyo maana. Kwenu maji mnayaona kwenye kalenda. Karibu, angalia, shangaa, ila usilambe. Huu si mlenda."

"Afadhali sisi wa mlenda," nikamjibu, nami nikashangaa kujisikia, "kuliko nyinyi wala michembe ya viazi vikavu, mnaoangusha miti ndani ya maji kisha mnaitisha mkutano kwa nini imelowa."

Dereva alikaribia kuanguka kutoka kwenye gurudumu lake. Mtani wangu alinitazama kwa furaha ya mtu aliyepata mkopo bila riba, akanishika mkono kwa mkono wake wa tope, na tangu siku ile sikuruhusiwa kuwa mgeni.

Nilirudi mara nyingi. Nilikuwa nimestaafu, na mke wangu alifurahi kuona nimepata mahali pa kwenda. Kanuni ya kwanza ya kazi ile ilikuwa kwamba ng'ombe haingii kinamasini. Maksai walisimama kwenye ardhi kavu, wamefungwa nira, na mnyororo mrefu, ukiungwa kwa kamba mahali usipotosha, ndio ulioshuka bondeni. Mbele ya gogo waliweka panda, yaani kipande cha mti chenye mikono miwili, wakakifunga ili pua ya gogo ikae juu; gogo likivutwa pua ikiwa chini hulima, na likilima mara moja halitoki tena. Njiani walitandika ulalo wa matawi na mafunjo, wakiyalaza kukingama na mwendo. Upande wa chini wa gogo waliubandua gamba, kwa kuwa ubichi ulio chini ya gamba unateleza kama samaki. Na likishaanza kwenda halikusimamishwa, hata kamba ikilia, hata mtu akipoteza kiatu, kwani tope hukamata kinachotulia. Haya niliyaona. Sikuambiwa.

Lililonishughulisha zaidi lilikuwa majani. Magogo machache yaliyokuwa yamepogolewa mapema na vibarua wa trekta, kabla majani hayajanyauka, yalikuwa mazito kupindukia. Yale yaliyoachwa na matawi yake mpaka majani yakanyauka yalikuja kwa wepesi zaidi, ingawa kwa unene sikuona tofauti. Nilimuuliza mtani sababu. Mimi aliniambia ni upepo. Dereva alimwambia kwamba mti una haya, hautaki kuvuliwa nguo mbele za watu. Mwenyekiti alimwambia kwamba babu yake alifanya hivyo, na babu hakuwahi kukosea. Mtu anayetoa majibu matatu kwa swali moja hana hata moja, nikamwambia hivyo, naye akakubali bila aibu: "Basi tafuta wewe, mwalimu. Wewe si ndiye uliyelipiwa karo?"

Tukatafuta pamoja. Tulikata miche miwili ya mkaratusi iliyolingana kadiri jicho linavyoweza kulinganisha. Mmoja tukaupogoa papo hapo, mwingine tukauacha na majani yake. Majani yalipokwisha kunyauka tukaupogoa na huo wa pili. Kisha tukaweka boriti juu ya nguzo yenye panda, mfano wa pembea ya watoto, tukafunga mche mmoja kila upande. Upande wa mche ulioachiwa majani ulipanda juu taratibu, ukabaki huko. Tulisimama wote wawili tukiutazama kama watu waliofumaniwa. "Kumbe!" akasema. Nami nilisema kumbe. Kwa kuwaza nadhani majani yaliendelea kunywa maji ya shina lililokwisha kutengwa na mizizi yake, yakalikausha kutoka ndani. Lakini tulipima miche miwili tu, mara moja tu, na sitamruhusu mtu anukuu safu hii kama ushahidi wa lililo kubwa zaidi ya hapo. Mtani hakuwa na mashaka ya namna hiyo. Kesho yake nilimsikia akimweleza mwenyekiti kwamba alikataza makusudi miti isipogolewe, na kwamba hiyo ni elimu ya ukoo wao. Kwa hiyo kosa la mashindano lilikuwa limebeba zawadi ndani yake, na mkosaji alikuwa ameipokea zawadi hiyo kwa mikono miwili bila kumtaja mtoaji.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Lilikuwa limebaki gogo moja, nene kuliko yote na la mbali kuliko yote, lililokusudiwa kuwa mhimili wa katikati wa daraja. Kipande kimoja cha mnyororo kilikuwa kimekatika na kupelekwa kwa fundi wa kuchomelea pale Usagara, aliyeahidi kukirudisha asubuhi inayofuata. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa. Mwenyekiti akasema tungoje kesho, na mtani mwenyewe akaanza kufungua nira. Ndipo kundi lile jingine, lililoshindwa siku ya kuangusha, likakaa juu ya mteremko na ngoma yao. Kiongozi wao, mzee mrefu mwenye sauti kavu, akaanzisha, na wenzake wakaitikia: "Mshindi wa kuangusha, mbona huinui? Mshindi wa kuangusha, mbona huinui?" Waliimba bila chuki, kama watu wanavyoimbiana huko, lakini hawakunyamaza. Nilimwona mtani akisimama na kifundo cha nira mkononi. Akakifunga tena.

"Mvua inakuja," akasema.

"Haiji leo," nikamwambia.

"Wewe Mgogo unajua nini kuhusu mvua?"

Kwa kuwa mnyororo haukufika, aliwaleta ng'ombe kwenye mnyororo. Aliwashusha wale wawili wa mbele juu ya ulalo, akiwaongoza kwa mkono, na kati ya hao alikuwemo ng'ombe mweusi, kiongozi wa kundi lake lote, ambaye alikuwa akisimama na kwenda kwa jina lake tu bila fimbo. Ulalo uliokuwa ukibeba magogo mazima haukutandikwa kwa ajili ya kwato. Mweusi alitanguliza mguu pembeni ya matawi, ukazama. Akauweka mwingine ili kujiokoa, ukazama huo pia. Tukashtukia amezama hadi kifuani.

"Kata kamba ya nira!" dereva akapiga kelele. "Kata, atamvuta mwenzake!"

"Anatoka huyu. Namjua. Anatoka."

"Mtani, kata!" nikasema, na nadhani ni sauti ya darasani iliyomfikia, kwani alikata. Yule ng'ombe wa pili alijipapatua akarudi kwenye ulalo. Mweusi alibaki. Tulimpitishia kamba chini ya kifua, tukamvuta kwa maksai waliosalia na kwa mikono yetu, na kila alipojitahidi kutusaidia alizidi kushuka. Jua lilipoinama kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya mafunjo, na mtani ameketi topeni hadi kiunoni, ameshika pembe moja, akimwambia maneno kwa Kisukuma. Siijui lugha hiyo vya kutosha, kwa hiyo sitajifanya kuyatafsiri. Kisha ng'ombe akafa, na ngoma juu ya mteremko ilikuwa imenyamaza muda mrefu bila mtu kutambua ilinyamaza lini.

Aliyesogea kwanza alikuwa yule mzee mrefu wa kundi lililokuwa likiimba. Alivua shati, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe, akaingia topeni. Watu wake walimfuata, na watu wa mtani wakawafuata hao. Waliunga kamba zao zote za pande mbili kwenye mnyororo, maksai waliosalia wakasimamishwa nchi kavu kama kanuni ilivyotaka, na watu wakajipanga juu ya ulalo na pembeni yake, wengine wamezama mapajani. Nami nilishika. Mwenyekiti alihesabu, tukavuta, gogo likatoa sauti kama kizibo kinachong'oka, likaja. Halikusimama mpaka kwenye ardhi kavu. Ng'ombe hakuweza kutolewa. Tulimfunika kwa matawi na tope hapo hapo alipolala, na mtani hakuruhusu mtu achukue hata kipande cha nyama. Katika nchi ya wafugaji hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha kuliko yote, na bila shaka ndilo lililozaa mengine. Mvua haikunyesha usiku ule, wala kesho yake. Fundi alileta mnyororo asubuhi, kama alivyoahidi.

Siku ya mnada uliofuata, habari iliyokuwa ikiuzwa pamoja na chumvi na kamba ilikuwa nyingine kabisa. Bonde lilikuwa na mwenyewe, ilisemwa. Mwenyewe alilimeza trekta kwa hasira. Mvuta magogo akampa ng'ombe mweusi asiye na doa, na mara tu ng'ombe alipokata roho gogo likatoka lenyewe. Kuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijawahi kuipenda. Ni methali iliyotungwa na wasemaji kwa manufaa ya wasemaji. Hata hivyo nilitaka kujua kwa nini mwenye habari yake haikanushi, na siku daraja lilipofunguliwa nilimvuta pembeni.

"Mtani, wanasema ulitoa kafara."

"Nasikia."

"Kwa nini huwaambii ukweli? Waambie mnyororo ulikuwa kwa fundi."

Alitazama watu wakipita juu ya daraja, wanawake wenye watoto mgongoni, mzee mmoja akikanyaga kwa fimbo kana kwamba anapima. "Mtani," akasema, "yule ng'ombe alikuwa akiitika nikimwita. Wakisema nilimtoa, basi alikufa kwa ajili ya daraja. Tukisema ukweli, alikufa kwa ajili ya wimbo." Kisha akarudia hali yake. "Na ukiliandika hilo nikiwa hai, mimi na wewe hatutaniani tena."

Ng'ombe alikuwa wake, na siku ile uvumi haukuwa umemuumiza mtu. Sikuandika. Miaka ikapita, uvumi ule ulimlisha. Lori lililokwama mchangani, mashine ya kusaga iliyotumbukia mtaroni, aliitwa yeye, na watu walisimama mbali kwa heshima alipokuwa akifanya kazi. Lakini uvumi hauzikwi na mwenyewe. Nilipofika msibani niliona kwa macho: waombolezaji walikuwa wamebanana juani upande wa barabara, ilhali ubavu wa zizi ulikuwa na kivuli kizuri na hapakuwa na mtu hata mmoja. Ndani ya zizi maksai walikuwa wakicheua. Binti yake alikuwa peke yake akiwapa maji, na kaka zake walikuwa wakizungumza na mtu mwenye koti la vumbi ambaye sikuhitaji kuambiwa ni mnunuzi wa ng'ombe.

Mchungaji alimaliza sala, jeneza likateremshwa, makoleo yakainuliwa. Kwa watu wetu hapo ndipo mtani ana haki yake ya kuzuia maziko na kumsuta marehemu. Nilikuwa sijawahi kuitumia mahali popote katika maisha yangu marefu. Nilimsogelea kijana wa kwanza mwenye koleo, nikalishika mpini.

"Msimfukie kwanza," nikasema. "Huyu mla michembe anataka kuzikwa kama mganga, na mimi Mgogo sikubali. Mganga gani anayesahau mnyororo wake kwa fundi?"

Minong'ono ikapita. Nikawaeleza yote, kwa ukali niliokuwa nikiutumia kusoma matokeo ya mtihani: kwamba aliangusha miti upande wa maji ili ashangiliwe, kwamba alivunja kanuni yake mwenyewe kwa sababu ya ngoma, kwamba alimshusha ng'ombe wake mpendwa mahali ambapo dereva wa trekta alikwisha kutuonyesha kwa gharama kubwa kwamba hapapitiki. "Hakutoa kafara. Alifanya haraka. Mmemwogopa mtu huyu miaka yote hii, na alichokuwa nacho ni kichwa kigumu tu!"

"Wewe ulikuwepo?" mama mmoja mzee akaniuliza kutoka nyuma.

"Nilikuwepo, mama. Nilishika kamba. Suruali yangu ya siku ile mke wangu aliitupa."

Yule mzee mrefu, aliyekuwa kiongozi wa kundi lile jingine, sasa akiwa amepinda mgongo, akainuka taratibu kutoka kwenye benchi. "Ni kweli," akasema. "Wimbo ulikuwa wangu." Na kwa sauti kavu iliyobaki kidogo tu, akaimba pale kaburini: "Mshindi wa kuangusha, mbona huinui?" Wazee wawili watatu wakaitikia kabla ya kufikiri. Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mwingine akashindwa kujiziba. Nilimtazama binti. Alikuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja, ameshika ukosi wa gauni, na nikaona kwamba hakuwa amewahi kuusikia ule wimbo. Nikaliachia koleo.

Sitadai kwamba wote waliamini. Yule mama mzee aliondoka akisema kwamba huyu mtani wa marehemu naye yumo katika kafara ile. Lakini baada ya maziko yule mzee mrefu alikwenda moja kwa moja kwenye zizi, akaegemea mti wa mlango, mahali ambapo hakuna aliyeegemea siku nzima.

"Huyu mwenye baka shingoni," akamuuliza binti, "anavutia upande gani?"

"Kulia, baba."

"Majaruba yangu ya mpunga yananingoja. Njoo nao kesho kutwa."

Binti alimtazama kaka yake mkubwa, na kaka yake akamtazama mnunuzi, na mnunuzi akatazama saa yake.

Nimelifikiria jambo hili tangu niliporudi Nyakato. Siku hizi magogo hutolewa kwa magari yenye kamba za chuma zinazojikunja zenyewe, na habari hutembea upesi kuliko magari hayo; kosa la kuamini kisichoonekana halijabadilika, limepewa tu usafiri bora. Nilikuwa nikidhani kwamba uvumi humdhulumu yule anayevumishiwa. Sasa naona huwadhulumu zaidi wanaouvumisha. Watu wa bonde lile waliingia topeni kwa hiari yao, walioshinda na walioshindwa, wakatia mikono kwenye kamba moja, wakalitoa gogo ambalo kila mgonjwa wa kijiji hupita juu yake hadi leo. Halafu wakarudi nyumbani wakasadiki kwamba limetolewa na ng'ombe aliyekufa. Walijinyang'anya wenyewe kazi nzuri kuliko zote walizowahi kuzifanya, wakamtwika mtoto wa mwenzao hofu ambayo haikuwa na mwenyewe. Ndugu msomaji, ukiletewa habari, muulize aliyeileta alikuwa amesimama wapi jambo lilipotokea. Asipokuwa na tope miguuni, mrudishe.

Mtani wangu alimpoteza ng'ombe aliyempenda, kwa sababu ya wimbo. Gogo lilitolewa na watu. Hayo ndiyo yaliyotokea, na mimi nilikuwepo.